Uzi wa Picha ya Wiki: Mtu Kazini, Jua la Utosini

KivuliKifupi (mleta uzi)

Wakuu, habari za wikendi.

Siku hizi uzi huu umejaa alfajiri na machweo: ngalawa, minazi, anga la rangi ya chungwa. Zimo nzuri kwelikweli. Ila watu wetu hawafanyi kazi alfajiri na machweo peke yake. Fundi, mchuuzi, mkulima, hamali, wote hao jua la mchana ndilo lao, na saa hiyo sisi tunarudisha kamera kwenye begi kwa sababu tumesoma mahali kwamba mwanga wa mchana haufai.

Ushauri huo umetoka nchi ambazo jua la jioni linakaa pembeni muda mrefu. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, jua linapanda wima. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi bado ni laini, saa mbili na nusu limeshakuwa kali. Mwanzoni mwa Machi na tena wiki ya pili ya Oktoba linapita utosini kabisa. Ukisimama mchana kivuli chako kinaishia kwenye viatu. Mwenye kungoja mwanga wa dhahabu kila siku atawakosa watu wake karibu wote.

Ndiyo maana mada nimeifunga hivi: mtu mmoja, yuko kazini, picha imepigwa kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, na uso uonekane. Masharti mengine ni yaleyale. Picha moja kwa kila mtu, iwe ya wiki hii, useme umetumia nini, na ukiweka ya kwako uwape maoni wenzako wawili. Maoni yawe ya kazi. "Kali sana mkuu" inafurahisha lakini haimfundishi mtu.

Karibuni.

LenziYaMtumba

Picha: mpaa samaki, soko la Feri, Dar. Nikon D3200, lenzi ya 18-55, tundu la lenzi f/5.6, kasi 1/250 ya sekunde, ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) 400. Saa tano na nusu.

Kijana amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, chini ya paa, changu mkononi, magamba yanaruka. Nyuma yake maji na boti. Nilimwomba ruhusa, akasema piga ila usinisimamishe, wateja wanangoja. Nimeichagua kwa sababu ya magamba yale hewani. Nipeni ukweli wote.

BintiBamvua

Kaka, magamba umeyapata. Kwa 1/250 yameacha vistari vidogo, na hivyo vistari vinaonyesha kasi ya mkono wake. Ungepiga 1/2000 yangesimama hewani na mkono ungeonekana umetulia. Hapo usibadilishe kitu.

Lakini uso haupo. Naona kofia, naona meno kidogo, katikati giza. Bahari ya saa tano iliyo nyuma yake imejaa mwanga, kamera ikapima wastani wa fremu nzima, ikaona mwanga umezidi, ikapunguza. Boti ziko safi, hata maandishi ya ubavuni yanasomeka, na mwenye picha amezama gizani. Sharti la mada lilikuwa uso.

KivuliKifupi (mleta uzi)

Naunga mkono, na njia zipo tatu.

Ya kwanza ni kitufe cha +/-, kile cha kuongeza au kupunguza mwanga wa picha. Peleka kwenye +1, tazama, ikibidi +1.7. Bahari itaungua iwe nyeupe. Iache iungue, si yeye tuliyemfuata. Wenye simu: gusa uso kwenye kioo, kisha sogeza kale kajua juu.

Ya pili ni kuzunguka. Ukikaa wewe upande wa maji, mgongo kwenye mwanga, mwanga uleule uliokuwa unakusumbua unakuwa taa kubwa inayomwangukia usoni. Chini ya paa lililo wazi upande mmoja ndipo mahali pazuri kuliko pote kupiga mtu mchana. Ni studio ya bure.

Ya tatu: Feri imejaa maboksi meupe ya barafu. Mfuniko mmoja uliolazwa magotini kwake unarudisha mwanga chini ya ukingo wa kofia, pale pale penye giza.

Halafu kwa wote mnaokwenda Feri: Ikulu iko jirani. Kamera ibaki sokoni, usiielekeze upande ule hata kama mti ni mzuri.

MzeeMkanda

Wanangu, mimi nimefanya kazi studio enzi za mkanda. Picha 36, kila moja ni fedha ya mteja, na nyuma ya kamera hapakuwa na kioo cha kutazama. Nitawapa kitu kimoja tu.

Geuza kiganja chako kipokee mwanga uleule unaomwangukia mtu unayempiga. Kama yuko kivulini, kiganja kiwe kivulini. Kama yuko juani, kiwe juani. Sogeza kamera mpaka kiganja kijaze fremu, upime hapo. Viganja vya binadamu havipishani sana, awe mweusi au mweupe. Vingi viko kama stopu moja (yaani mwanga mara mbili) juu ya ule ukijivu ambao kipimo cha kamera kinautafuta. Basi ongeza stopu moja. Ikikwambia 1/500, weka 1/250. Funga hapo, usiguse tena mpaka mwanga ubadilike.

Baada ya hapo avae kanzu nyeupe, nyuma yake iwe bahari au ukuta wa chokaa, uso utatoka sawasawa. Kipimo cha kamera kinadanganywa na vitu vilivyo kwenye fremu. Kiganja kimepima mwanga wenyewe.

LenziYaMtumba

Shikamoo mzee. Nimejaribu sasa hivi barazani, uso wa mdogo wangu mbele ya ukuta mweupe. Umetoka. Jumamosi narudi Feri, nakaa upande wa maji.

MzeeMkanda

Marahaba. Na ukirudi umpelekee kijana picha yake, iliyochapwa kwenye karatasi, mkononi.

MgeniWaKamera

Samahani kwa kukatisha mada. Na mimi nina D3200. Kariakoo nimeona lenzi ya Nikon 50mm f/1.8D, bei iko chini sana kuliko ile ya G. Nichukue?

LenziYaMtumba

Usichukue kwa kamera hiyo. D3200 haina mota ya fokasi ndani ya bodi, na zile lenzi za D zinategemea mota ya kamera. Itaingia, itapiga, lakini fokasi utazungusha kwa mkono kila picha. Tafuta iliyoandikwa AF-S, yenye mota yake ndani, ama 50mm f/1.8G, ama 35mm f/1.8G ya DX, ambayo kwa vyumba na masoko yetu naipenda zaidi kwa kuwa haikubani ukutani.

Kabla hujatoa hela, imulike lenzi kwa tochi ya simu kutoka nyuma utazame ndani. Ukiona nyuzinyuzi zinazotambaa, hiyo ni kuvu, iache. Unyevu wa pwani unazimaliza lenzi zilizolala kwenye begi. Nunua vile vipakiti vya kukausha unyevu, uweke lenzi kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana.

BintiBamvua

Haya, ya kwangu.

Picha: mkulima wa mwani, Paje, Unguja. Canon, 50mm f/1.8, nimepiga f/5.6, 1/800, ISO 100. Saa nne na robo asubuhi.

Maelezo kidogo, maana mada hii kwangu si ya kuchagua. Mwani unafanyiwa kazi wakati wa bamvua, maji yakipwa kabisa, na huku kwetu bamvua linakupwa karibu na saa nne. Maji mafu hakuna kazi. Kwa hiyo wanawake hawa, mchana wao wa kazi ni uleule mwanga tunaoambiwa tuukimbie. Sijawahi kuona mwani ukifungwa kwenye kamba wakati wa machweo ya kwenye kadi za posta.

Bibi ameinama, maji yamemfika chini ya magoti, kamba imevutwa kati ya vigingi viwili, anafunga kichipukizi. Kanga kichwani, kofia ya ukili juu yake. Nilikaa naye tangu walipoingia majini, nikamsaidia kubeba, ndipo nikatoa kamera. Wanawake wa Paje wamechoka na wageni wanaosimama ufukweni na lenzi ndefu, wanapiga, wanaondoka. Wenyewe wananiambia.

KivuliKifupi (mleta uzi)

Wakuu, tazameni uso huu kabla ya kitu kingine. Jua liko juu, kofia ina ukingo mpana, kwa sheria ya kawaida macho yangekuwa mashimo mawili meusi. Hayako hivyo. Mwanga umetoka chini. Mchanga mweupe wa Paje, maji ya kina kifupi juu yake, vyote vinarudisha jua kwenda juu, na kwa kuwa ameinama uso wake unautazama mchanga moja kwa moja. Mkunjo wa jicho unaonekana, na chini ya kidevu pana mwanga kuliko kwenye paji. Ule mwanga mbaya wa mchana umegeuzwa na ardhi ukawa mzuri.

Nina neno moja upande wa kulia. Kuna mtalii wa mbali mwenye kaptula nyekundu. Jicho langu linakwenda kwake mara mbili. Kata pale, kigingi cha pili kiwe ndio ukingo wa picha.

KandoYaKongowea

Mashallah dada. Mimi kaptula nyekundu ningeiacha. Bibi anafanya kazi, nyuma yake mtu anaoga bahari ileile. Hiyo ndiyo Paje. Ukimkata unabaki na picha ya zamani ya kubuni.

Ningeuliza kuhusu maji. Hapo mbele yanang'aa, mwani hauonekani chini. Ulikuwa na filta ya polaraiza?

BintiBamvua

Ninayo, nilikuwa nimeivua kwa makusudi. Ukiizungusha inaua mng'ao wa maji na mwani unaonekana wazi, lakini inachukua pia mng'ao wa ngozi. Mikono ya bibi ilikuwa imelowa, mishipa ya mkono na vifundo vya vidole vinaonekana kwa sababu ya ule mng'ao. Ngozi yetu nyeusi inachorwa na mng'ao wake kuliko kivuli chake. Ukiuondoa mkono unabaki bapa. Nikachagua mikono, mwani ukae chini ya maji.

Kaptula nyekundu nayo inabaki. Nimesikia pande zote mbili, naona kaka wa Kongowea ameisoma picha nilivyoipiga.

KandoYaKongowea

Basi na yangu hii.

Picha: mkokoteni, nje ya soko la Kongowea, Mombasa. Lenzi 35mm, f/18, 1/30, ISO 100, filta ya polaraiza. Saa saba mchana, jua wazi.

Nimemfuatisha kwa kamera akivuta gunia za viazi, barabara nyuma ikavutika yote, yeye akabaki. Kwa jua lile 1/30 ilikuwa haiwezekani bila filta, picha ingeungua. Polaraiza inakula kama stopu moja na nusu, hapo ndipo nilipopata nafasi.

LenziYaMtumba

Uso umetulia kuliko nilivyotarajia kwa 1/30. Nauona uzito kwenye shingo yake. Gurudumu limekuwa duara la ukungu, gunia limesimama. Kasoro ni mguu wa mbele, umekatwa kwenye kifundo. Mtu anayevuta mzigo, mguu wa mbele ndio unaosukuma ardhi. Fremu ingeshuka kidogo tungeona kisigino kinavyokanyaga.

Na hapa mwanga wa utosini unasaidia. Mabega yanang'aa juu, chini yake giza, misuli imechongeka. Jua la jioni lingeilainisha yote.

KandoYaKongowea

Sahihi kuhusu mguu. Nilikuwa nimepiga magoti, nyuma yangu tuktuk inapiga honi, nikabana fremu ili nisimpoteze. Nitasogea hatua moja nyuma, kukata naweza baadaye.

Ziwani

Salamu kutoka Mwanza.

Picha: mama anageuza dagaa, Igombe. Nimetumia simu. Saa saba na nusu.

Dagaa wamevuliwa usiku wa giza kwa taa, asubuhi wakaanikwa, hapo anawageuza kwa reki. Ardhi yote fedha tupu. Nimesafisha kidogo kwenye simu.

FundiRangi

Ndugu yangu Ziwani, pangilio ni zuri mno. Mistari ya dagaa inampeleka mtazamaji mpaka kwenye reki na reki inampeleka kwa mama. Samaki wenyewe wanarudisha mwanga usoni kama ule mchanga wa Paje.

Sasa tazama mikono yake, kisha tazama uso. Mikono ni kahawia iliyokolea, yenye jua la miaka. Uso ni mwepesi, karibu rangi mbili juu, laini, hauna tundu la ngozi wala mkunjo. Mtu mmoja ana ngozi mbili. Hiyo si kazi ya mwanga. Simu imetambua uso ikausafisha na kuung'arisha, mikono haikuitambua ikaiacha. Zima ile sehemu ya urembo kwenye kamera kabla ya kupiga, maana nyingine inafanya kazi hata kama hujagusa kitu baadaye.

Ziwani

Nimekuelewa mkuu, lakini nikwambie kilichotokea. Nilimwonyesha mama picha mbili, hii na nyingine ambayo haijasafishwa. Akachagua hii. Akasema hiyo nyingine imemzeesha, nimtumie hii kwa WhatsApp aweke kwenye profaili. Ni uso wake. Mimi nani nimwambie achague ile nyingine?

BintiBamvua

Hana kosa mama, na wewe ulimtendea haki kumwonyesha. Mpe anayoitaka, aiweke profaili, ni yake. Lakini hapa tunajifunza kuona, na picha inayotufundisha ni ile nyingine. Tuwekee.

Mimi jambo hili linaniuma, niseme wazi. Tunawapiga mama zetu, halafu mashine inaamua kwamba ili wapendeze lazima wafifishwe. Kila picha ikitoka hivyo, mtoto anayekua akitazama simu anajifunza kwamba rangi ya mama yake ilihitaji kurekebishwa.

Ziwani

[Picha ya pili: mama yuleyule, haijasafishwa.]

KivuliKifupi (mleta uzi)

Hii. Hii kabisa. Kuna vumbi la magamba limeshika kwenye shavu, linang'aa. Kwenye ile ya kwanza simu ilifikiri ni uchafu ikalifuta.

Ukipenda ongeza mwanga wa uso kidogo, nusu stopu, kwa mkono wako mwenyewe kwenye programu ya kuhariri kama Snapseed au Lightroom. Kuongeza mwanga ni jambo moja, kubadili rangi ni jingine. Angalia mikono na uso viende sambamba.

FundiRangi

Suala hili halikuanza na simu. Kuanzia miaka ya 1950 maabara za kusafisha picha za rangi zilikuwa zinapewa na Kodak kadi ya mfano yenye picha ya mwanamke Mzungu. Fundi anasawazisha mashine mpaka ngozi ya kwenye kadi itoke vizuri, kazi imekwisha. Mteja mweusi akija na mkanda wake, picha zinasafishwa kwa kipimo cha mtu mwingine: macho na meno yanaonekana, kilichobaki ni doa.

Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, aliichimba historia hii. Aliyoyakuta yananikera hadi leo. Waliosukuma Kodak kuboresha rangi za kahawia kwenye filamu walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa fanicha za mbao, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazitofautiani kwenye matangazo. Kadi yenye wanawake wa rangi tofauti ilikuja miaka ya 1990. Google nao walikuja na Real Tone, mfumo wa kutoa rangi halisi za ngozi, kwenye simu ya Pixel 6 mwaka 2021, baada ya kukiri kwamba kamera za simu hazikuwatendea haki watu wa ngozi nyeusi.

Kwa hiyo mtu akikwambia humu "ngozi nyeusi ni ngumu kupiga", mwambie vifaa vilitengenezwa kwa kipimo cha mtu mwingine.

MzeeMkanda

Hayo ni kweli kwa rangi. Enzi za mweusi na mweupe mafundi wa huku walikuwa wanasafisha wenyewe chumba cha giza, kadi ya mtu hawakuwa nayo. Tazameni picha za Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio pale Unguja mwaka 1930. Mwarabu, Mhindi, Mswahili, kila mmoja uso wake umetoka. Fundi alikuwa anamwangalia mteja aliyekaa mbele yake, mwanga anauweka kwa ajili ya huyo.

KivuliKifupi (mleta uzi)

Mzee, hilo la mwisho nalibandika juu ya uzi.

Ziwani, jambo jingine. Kwenye picha ya pili, kushoto, kuna mtoto na uso wake uko wazi. Mzazi wake uliongea naye?

Ziwani

Hapana, alikuwa anapita. Nimeshamkata, nimeweka upya.

KandoYaKongowea

Afadhali. Kwetu Kenya jambo hili si la adabu peke yake. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja shilingi milioni 4.55 kwa kuweka picha za wanafunzi mtandaoni bila idhini ya wazazi, na baa moja milioni 1.85 kwa kuweka picha ya mteja.

FundiRangi

Na Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Uso wa mtu ni taarifa yake. Kwa mtu mzima omba, kwa mtoto tafuta mzazi, na ukikataliwa sema asante uendelee na safari.

LenziYaMtumba

Hapa naomba tujadili. Mkiomba ruhusa kwanza, mtu hajiwekei pozi? Mimi yule mpaa samaki alikubali bila kuniangalia, ilikuwa bahati. Wengine ukiwaomba wanaacha kazi, wananyoosha shati, wanatabasamu.

BintiBamvua

Mpige hiyo ya tabasamu kwanza, na uipige kwa moyo wote, maana hiyo ndiyo anayoitaka. Mwonyeshe. Kisha kaa. Mwenye kazi hawezi kukutabasamia mchana kutwa, samaki wanaharibika na maji yanajaa. Akishaanza tena, wewe umekuwa mtu anayemjua, na ile picha uliyokuwa unaitaka inakuja yenyewe huku una ruhusa mfukoni.

GomaHadiBujumbura

Bandugu, mimi sishindani wiki hii, picha yangu ni ya zamani, niliipiga nikiwa ningali Goma. Naiweka kwa sababu ya ardhi.

Picha: kijana na chukudu lake, amepakia makaa. Saa sita.

Mmesema mchanga wa Paje na dagaa wa Igombe vinarudisha mwanga. Goma ni kinyume. Lava ya volkano ya Nyiragongo ilishuka mjini mwaka 2002, tena 2021 ikafika kandokando ya mji, na kwenye mitaa mingi unakanyaga jiwe jeusi. Jiwe hilo linameza mwanga, hakuna kinachorudi. Saa sita uso wa mtu, toka nyusi kushuka, unakwenda gizani, hata asipovaa kofia.

Nilichofanya ni hiki: nilivaa shati jeupe, nikamsogelea hatua mbili, jua likipiga kifua changu. Tazameni mboni za macho yake, kuna alama mbili ndogo nyeupe. Ni shati langu.

KivuliKifupi (mleta uzi)

Nimezikuza, nimeziona. Ndugu yangu, hata kama hushindani umetupa somo ambalo halina gharama. Tangu leo begi langu lina shati jeupe.

Ila chukudu lenyewe limekatwa nyuma. Kwa asiyelijua hatatambua ni chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, ataona rundo la makaa. Kama una nyingine yenye chombo kizima, tuonyeshe.

GomaHadiBujumbura

Ninayo, ila humo uso uko gizani. Ndiyo maana nilichagua hii.

LenziYaMtumba

Nimerudi kutoka Feri, wakuu.

Picha: mpaa samaki yuleyule. Safari hii nilikaa upande wa maji, nikapima kiganja, f/4.5, 1/250, ISO 400. Nyuma yake sasa ni mizani ya kuning'inia na ukuta wa soko, boti hazimo. Nilimpelekea ile ya kwanza, imechapwa kwenye karatasi. Akacheka, akaniuliza "mimi niko wapi hapa?" Kisha akaniambia leo kaa uipige vizuri.

BintiBamvua

Yupo sasa. Ana kovu dogo juu ya nyusi, gamba moja limenasa kwenye ndevu, na macho yako kwenye kisu. Boti sizikumbuki hata kidogo.

Kitu kimoja: ile mizani nyuma imekaa juu ya kichwa chake moja kwa moja, inaonekana imemwota. Ungeegemea kushoto kiasi cha kiganja.

MzeeMkanda

Rangi ya uso na rangi ya mkono ni moja. Safi.

KivuliKifupi (mleta uzi)

Wakuu, nafunga. Kwa kura zenu picha ya wiki ni ya BintiBamvua, na kwangu pia ndiyo, kwa sababu ya uso ule ulioangazwa na mchanga na kwa sababu alibeba mwani kabla ya kutoa kamera. LenziYaMtumba nafasi ya pili, kwa ile ya Jumamosi. Nilitamani Kongowea ipande zaidi, mguu ule ndio uliopunguza kura.

Mshindi anachagua mada. Dada, uwanja wako.

BintiBamvua

Ahsanteni sana. Mada ijayo: mtu ndani ya nyumba, mwanga wa dirisha au mlango mmoja tu, flashi hairuhusiwi. Wenye simu msiogope chenga (zile punje za kwenye picha ya gizani), lakini jaribuni kumsogeza mtu dirishani kabla ya kuiachia simu ipandishe ISO. Na sehemu ya urembo kwenye kamera izimwe, nitakagua mikono na nyuso.

Mwisho wa kuweka picha Jumapili saa mbili usiku. Mzee, tunaomba kabla ya Jumatano utuelezee mlikuwa mnamkalisha mteja umbali gani na dirisha.